Dereva na Mashuka ya Mama Safia

Siku niliyomwona Dereva mara ya kwanza alikuwa anapigana na upepo. Upepo wa Isiolo wa mwezi wa saba haumbembelezi mtu. Unakuja na vumbi lake, unatikisa mabati, unabeba viti vya plastiki na kuvitupa kwa jirani. Yeye alikuwa amesimama katikati ya ua wake, mzee mrefu aliyevaa kikoi na fulana, ameshika shuka jeupe kwa mikono miwili, nalo shuka limejaa upepo mpaka nikafikiri litamnyanyua. Hakuliachia. Aligeuka akaupa upepo mgongo, akangoja utulie kidogo, kisha akalirusha juu ya kamba mara moja tu, kama mtu anayefunika mzigo wa lori kwa turubai.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia mtaa wa Bulla Pesa na cherehani yangu. Chumba nilichopanga kilipakana na ua wake, na kilichotutenganisha kilikuwa kiambaza cha mabati kilichonifika kifuani. Mimi ni mtu wa Meru, na kule nilikotoka sikuwahi kumwona mzee wa umri ule akianika hata soksi. Nikamuuliza jirani wa mlango wa pili huyo ni nani, akaniambia, huyo ni Dereva. Jina lake halisi nilikuja kulijua baadaye, lakini hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia hapa. Mambo ya ukoo wake, na jinsi wazee wao walivyofika Isiolo, wako wenyewe wa kuyaeleza. Mimi nilimjua kwenye kamba ya nguo.

Miaka mingi alikuwa ameendesha lori la mifugo, akipakia mbuzi na ng'ombe Garbatulla na kuwapeleka Nairobi. Katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kufua kitambaa cha mkono. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka zizi, anavua shati mlangoni, na mkewe, Mama Safia, analichukua kwa vidole viwili na kulianika juani siku nzima kabla hata ya kulitia maji. Kisha akastaafu, akaliuza lori, na kabla hajazoea kukaa nyumbani Mama Safia akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito. Jamaa walikuja, wakapika, wakafua, wakasoma dua. Halafu kila mtu akarudi kwa shughuli zake, kama ilivyo kawaida, na mashuka yakabaki.

Aliniambia kwamba asubuhi ya kwanza alikaa akiyatazama yale mashuka kwenye beseni kama anayetazama injini asiyoijua. Akamwaga sabuni ya unga nusu pakiti. Povu likajaa uani mpaka likatoka nje ya lango. Alipomaliza, akalipeleka shuka moja kitandani, akamwekea mkewe karibu na pua. Mama Safia akanusa, akatikisa kichwa. Akarudi nalo kwenye beseni. Ndivyo alivyofundishwa kufua, na mwalimu asiyeweza kusema: kila nguo ilipelekwa kitandani kunuswa, na iliyokataliwa ilirudi majini. Ilipita miezi kabla ya mama kukubali shuka kwa mara ya kwanza bila kulirudisha. Siku hiyo Dereva alinunua nyama ya ngamia, akanipitishia sahani juu ya mabati bila kusema kilichomfurahisha. Nilikuja kujua baadaye.

Kamba yake ilikuwa ile ile aliyofungia turubai la lori, nene kama kidole gumba, na aliifunga kwa mafundo ambayo hakuna mwingine mtaani aliyeweza kuyafungua. Nguo aliziona kama mzigo. Vizito vilikaa karibu na nguzo, vyepesi katikati, na hakuna kilichoanikwa kabla kamba haijajaribiwa kwa kuning'inia juu yake kwa uzito wake wote, jambo lililowachekesha sana wapangaji wenzangu. Alikuwa na misemo yake ya barabarani, na alipoacha barabara aliihamishia uani. Ukianika huku umekasirika, atakwambia mzigo haufungwi kwa hasira. Ukilalamika kuhusu vumbi, atakwambia upepo wa Isiolo hauna adabu lakini unafanya kazi. Na stima ikipotea, wengine tukisonya, yeye atainua macho juu na kusema kwamba jua halina tokeni.

Adui yake mkubwa alikuwa mbuzi. Mbuzi wa Bulla Pesa hawana mwenyewe mchana. Wanazunguka wanakula katoni, maganda na nguo za watu. Siku moja mmoja aliingia langoni akatafuna pindo la dera la Mama Safia, dera la rangi ya machungwa alilolipenda. Dereva, ambaye hakukosa sala tano na hakupenda mtu aseme neno baya mbele yake, alimfukuza yule mbuzi mpaka barabarani akimtukana kwa Kisomali, Kiborana, Kiturkana na maneno machache ya Kimeru ambayo natumaini hakujua maana yake. Aliporudi, akihema, akasema mbuzi wa Isiolo wanalipiza kisasi cha ndugu zao aliowapeleka Nairobi. Nilimshonea lile pindo. Akakataa nishone kitambaa cha rangi nyingine. Akaenda mwenyewe madukani na kipande kilichotafunwa mkononi, akakilinganisha mpaka akapata kinachofanana.

Hakupenda umbea, lakini alizisoma kamba za mtaa mzima. Alijua nani amepata mtoto kwa zile nepi za kitambaa, nani mumewe amerudi kutoka Rapsu kwa suruali yenye tope la mashamba ya huko. Aliyajua, hakuyasema. Na mvua ikitishia wakati mimi niko sokoni, aliomba ruhusa kwa Mungu, kama alivyosema, akaingia kwetu na kuanua nguo zangu zote na kuzikunja. Isipokuwa zile za ndani. Hizo hakuzigusa. Alizifunika na gunia pale pale kwenye kamba, kwa heshima, zikaloa chini ya gunia.

Hilo lilinichekesha kwa sababu za mkewe alizifua zote, na watu walisema. Kwenye kibanda cha chai karibu na msikiti, wazee wenzake walimwambia kwamba hiyo kazi ina wenyewe, kwamba angeweza kutafuta msichana, kwamba mtu aliyeheshimiwa kutoka hapa mpaka Moyale haonekani akikamua nguo za mwanamke. Hakuwajibu siku hiyo. Alinijibu mimi, juu ya mabati, jioni, akiwa na pegi za nguo mdomoni. Akazitoa kwanza.

"Mama Kendi," akaniambia, "huyu mama alinifulia akiwa na mimba, akiwa na homa, akiwa amenikasirikia. Mimi nafua nikiwa mzima. Sasa nani ameonewa?"

Nikamwambia hakuna. Akarudisha pegi mdomoni akaendelea.

Aliyemuumiza kweli alikuwa Safia, na Safia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wao pekee, anafanya biashara ya vitambaa Eastleigh, na alimpigia mama yake simu kila siku. Alikuwa amemtafuta mwanamke wa kufua akiwa Nairobi, akamtuma; Dereva akampa chai, akamwambia hana kazi, akamrudisha. Safia akaliacha jambo hilo. Kisha akaja kwa Idi, na asubuhi ya Idi, wageni wakiwa wanapita barabarani na kanzu zao mpya, mashuka ya mama yake yalikuwa kwenye kamba mbele ya lango, na baadhi yalikuwa na madoa ya zamani ambayo hayatoki hata uyachemshe.

Nilikuwa uani kwangu nikichoma chapati. Sikutaka kusikia, lakini mabati hayazuii sauti. Safia alianza taratibu, akimwomba baba yake ayaanue hata kwa siku hiyo moja. Dereva akamwambia mashuka hayajui Idi. Ndipo sauti ya binti ikapasuka.

"Unaniaibisha, Aabo. Watu wanasema nyinyi hamna mtoto."

"Aibu ni shuka chafu," baba akasema. "Hii ni safi."

"Wanaangalia shuka ziko ngapi. Wanajua mama amelala aje usiku. Hiyo siri si yako, na si yangu. Umemuuliza yeye?"

Nilimsikia Dereva akikohoa, halafu nikasikia lango. Alitoka, akaenda msikitini mapema kuliko wengine. Safia akaingia ndani akalia, na mimi nikapitisha sahani ya chapati juu ya mabati nikaiacha pale juu ya pipa.

Safia alirudi Nairobi siku iliyofuata bila wao kusemezana vizuri. Kuna watu ambao wangejikaza hapo, wakasema hao ni watoto wa siku hizi. Dereva alikuwa mbishi kwa kila kitu kingine, kuanzia bei ya nyanya mpaka njia fupi ya kwenda Kinna, lakini hili alilibeba moyoni siku kadhaa, nikamwona anaanika taratibu, anasimama, anaangalia barabara. Kisha akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza mkewe anataka nguo zake zianikwe wapi. Alinieleza mwenyewe. Alisema alikuwa ameendesha lori usiku wa mvua na magurudumu yameteleza kuelekea korongoni, lakini hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa akingojea lile jibu.

Mama Safia alichukua muda mrefu. Maneno yake siku hizo yalitoka moja moja, kama maji ya mfereji unaokaribia kukauka. Alichosema ni hiki: "Shuka nyuma. Dera mbele." Na baadaye, Dereva alipodhani amemaliza, akaongeza: "Wajue navaa."

Siku hiyo hiyo Dereva alichimba mashimo mawili nyuma ya nyumba, akasimamisha nguzo, akafunga kamba ya pili. Mashuka yakahamia nyuma, yasikoonekana na mtu. Mbele ya lango yakabaki madera ya Mama Safia, la machungwa, la kijani, la maua ya samawati, yakipeperushwa barabarani kila siku kama mwenyewe anapita akisalimia. Wanawake waliopita walianza kuulizana nani anamchagulia. Mmoja aliingia kumuuliza mwenyewe, akakaa, akanywa chai. Halafu mwingine. Kabla ya hapo walikuwa wakisimama langoni tu, wakitoa pole, wakienda zao.

Lakini nyuma ya nyumba jua lilifika kwa kuchelewa na kuondoka mapema, kwa sababu ya ukuta wa jirani. Wakati wa kiangazi haikuwa shida. Dereva alimweleza Safia kwa simu juu ya kamba mpya, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya gari, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Safia hakusema mengi. Baada ya wiki chache pikapu ilisimama langoni ikashusha mashine ya kukausha nguo, nyeupe, ina mlango wa duara wa kioo, kitu ambacho wengi wetu pale plotini tulikuwa tumekiona kwenye simu tu.

Tulijaa kuitazama. Dereva aliizunguka, akagonga ubavu wake, akauliza inakula stima kiasi gani, akaambiwa. Akaisukuma kwenye ukumbi, akaifunika na turubai, akaifunga kwa kamba. Nilipomuuliza kama ataitumia, alisema hajafika umri wa kununua jua. Lakini hakuirudisha. Kila Ijumaa alifungua turubai, akaipangusa vumbi, akaifunika tena. Zawadi ya mtoto haikai na vumbi, alisema.

Mvua za mwaka huo zilikuja kubwa. Isiolo si mji unaojua mvua ya siku nyingi. Barabara za Bulla Pesa zikawa mito, vyoo vikajaa, na nguo zetu zikaning'inia vyumbani zikinuka uvundo. Dereva alipiga kamba ndani ya nyumba, sebuleni, ukumbini, mpaka juu ya kitanda chake mwenyewe. Akawasha jiko la makaa na kushika mashuka juu yake, moja moja, akayageuza kama anayechoma mahindi. Hayakukauka vizuri. Mama Safia alilalia unyevu, na mgongo wake ukaanza kuwa mwekundu. Muuguzi aliyekuja kumwona alisema neno moja tu ambalo Dereva alilirudia kwangu akiwa amesimama mvuani bila kofia: kama ngozi ile itapasuka, kupona kwake si jambo la kuahidiwa.

Alinitazama, maji yakimtiririka usoni, akaniuliza kama mimi, kwa kuwa nimezoea mashine, naweza kuja kusoma maandishi ya ile nyingine.

Cherehani na ile mashine havina undugu, lakini nilikwenda. Tulifungua mafundo pamoja, au tuseme aliyafungua yeye na mimi nikashika turubai. Tukatia mashuka mawili, nikabonyeza pale palipoelekea kuwa ndipo, ikaanza kuzunguka na kunguruma. Dereva alivuta kigoda akakaa mbele ya kile kioo, mikono magotini, akiyatazama mashuka yakipanda na kuanguka. Hakuondoka hata kwa chai. Nyumba ikapata joto. Nakumbuka nilimwomba Mungu stima isipotee, na nadhani naye alikuwa anaomba hivyo hivyo kwa maneno yake.

Iliponyamaza, akatoa shuka la kwanza. Lilikuwa kavu kabisa, na la moto. Akalibeba kifuani akaingia nalo chumbani, nami nikamsaidia kumgeuza mama na kulitandika chini yake. Mama Safia, ambaye alikuwa na baridi siku nyingi, alifumba macho. Akashusha pumzi ndefu. Mkono wake mzima ukatambaa juu ya lile shuka, ukashika upindo wake, ukalivuta mpaka shavuni.

Dereva akangoja. Akamuuliza, likoje.

"Tamu," akasema Mama Safia.

Neno hilo halikuwa limetolewa kwa shuka lolote la jua, na tulilijua sote watatu. Dereva akasimama pale, uso umemvurugika, hajui acheke au aone wivu. Mwishowe akacheka. Akatoka ukumbini akampigia Safia simu, na mimi nikarudi kwangu, kwa hivyo sijui walizungumza nini, ila simu ile ilidumu muda mrefu, na aliitembeza nyumba nzima.

Mgongo ulipona. Mvua zikaisha, na nilidhani ile mashine itafunikwa tena, au kinyume chake, kamba itasahaulika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mashuka ya usiku wa baridi yalipita kwenye mashine. Mengine yote yalikwenda juani. Aliwahi kutia kikoi chake kizuri humo ndani kikatoka kinamfika magotini, na akakivaa hivyo hivyo msikitini kwa ubishi. Wale wazee wa kibanda cha chai walipomuuliza kama sasa ameacha kufua kwa mkono, aliwaambia lori lina gia nyingi na dereva ni yule anayejua ya mlima na ya tambarare. Mmoja wao, aliyekuwa mkali kuliko wote, alikuja siku moja na godoro la mjukuu wake lililolowa akiuliza kama litaingia. Halikuingia. Wakalianika wote wawili juu ya mabati yangu.

Mimi nilihama Isiolo mume wangu alipopata kazi Nanyuki. Tuliagana juu ya kile kiambaza, akanipa mkungu wa ndizi za Rapsu na kuniambia kamba nitakayofunga Nanyuki nihakikishe imekaza. Miaka ikapita kwa simu za hapa na pale. Mwaka jana rafiki yangu alimwoza binti yake pale mjini, na kesho yake, kabla ya kupanda gari, nikaenda Bulla Pesa.

Lango lilikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kamba ya mbele ilikuwa imeshushwa. Ilikuwa chini sana, inanifika kiunoni, na nikadhani nguzo zimezama. Dereva alitoka ndani akitembea na fimbo, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Akanisalimu salaam aleikum kama zamani, nikajibu kama nilivyofundishwa na mtaa ule, akafurahi. Nikamuuliza kamba imekuwaje. Akaniambia bega lake halipandi tena juu, lakini si kwa sababu hiyo.

"Mwenye kuanika amebadilika," akasema.

Mama Safia alikuwa ameketi kwenye kiti upande wa pili wa ua, beseni mapajani, jua likimpiga miguuni. Alikuwa amevaa dera la zambarau. Kwa mkono wa kushoto alitoa fulana, akaitingisha, akaitupa juu ya kamba, akaishikilia kwa kidevu huku akitoa pegi kwenye mdomo wake na kuibana. Ikakaa kombo. Akaiangalia, akaiacha. Dereva akapita akainyoosha. Mama akairudisha kombo. Mashuka marefu yangegusa chini, kwa hivyo hayo yalikuwa ya mashine na ya Dereva. Madogo yote yalikuwa yake.

Tulikunywa chai pale uani. Maneno yake yalikuwa bado machache lakini yalikuja haraka zaidi, na alitaka habari zote: Kendi yuko darasa la ngapi, Nanyuki kuna baridi gani, bibi arusi alivaa nini. Nikiwa namweleza lile vazi la bibi arusi kwa mikono, nikagonga kikombe, chai ikamwagikia leso niliyojifunga. Kabla sijasimama alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Lete."

Nikajitetea kwamba nina gari la kuwahi. Dereva akaniambia nisijisumbue, ubishi huo ameshaujaribu yeye. Nikavua leso nikampa. Akaichovya kwenye beseni, akaisugua kwa ngumi moja ukingoni, akaikamua kwa kuizungusha kwenye mkono wa kiti, akaianika. Kombo.

Jua la Isiolo saa kama hiyo halihitaji muda. Tuliongea, Dereva akasimulia habari za mbuzi mpya wa mtaa, na baada ya kitambo nikaona leso inapepea, imekauka, rangi yake imerudi. Nikanyoosha mkono kuichukua. Mama Safia akaishika kwa vidole, akaipapasa mwanzo hadi mwisho, akanitazama.

"Bado," akasema.

Nikakaa. Dereva akaenda kuongeza maji kwenye birika. Gari la kwanza la Nanyuki likaondoka, halafu la pili. Kila niliponyoosha mkono aliipapasa tena ile leso, kavu kama karatasi, na kutikisa kichwa, na mimi nilirudi kitini pangu na kupokea kikombe kingine.